Picha za Kupimia Mwanga

Miaka kumi na tisa nimewaambia watu wa Kutaisi:
tazama hapa, usitabasamu, usipepese.
Wamepita kwenye kiti changu wakielekea Bari, Poznan, Thesaloniki,
wanawake wanaokwenda kuogesha wazee wa watu
ili wazee wao wapate dawa.
Kila mmoja, akiishika pasipoti yake, huuliza:
kwani mimi ndivyo nilivyo?
Nami hujibu, kamera haina chuki na mtu.

Sikujua jibu hilo lina deni.

Mteja mmoja alisema, mbona unanikodolea?
Otia, mume wangu, akauliza mezani kosa lake ni lipi.
Sikuwa na hasira. Nilikuwa nakula maharagwe.
Kope za juu zilikuwa zimepanda, zikagoma kushuka;
nikilala, weupe unabaki wazi,
nikiamka, macho yana kokoto.
Macho hayana pazia, husema watu.
Yangu yalikuwa nalo. Lilikwama juu.
Kisha mto Rioni ukawa miwili,
na daraja jeupe likabeba daraja jeupe mgongoni.

Daktari Eteri alinipima kwa rula yenye vioo:
kulia milimita ishirini na mbili, kushoto ishirini na nne.
"Ni ugonjwa wa tezi ya shingo," akasema.
"Askari wa mwili wamekosea nyumba.
Macho yalianza lini?"
Baridi iliyopita. Labda. Nani huyahesabu macho yake?
"Basi niletee picha za zamani."

Kila Jumatatu, kabla ya mteja wa kwanza,
hukaa mwenyewe kwenye kile kiti nipime taa.
Picha isiyouzwa, isiyopewa mtu,
na kwa uvivu tu sikuwahi kuifuta hata moja.
Nikachapa sitini na moja, nikazipanga mezani pake kama karata.
Hakutazama sura. Alitazama ukingo wa kope.
Kidole chake kikatembea wiki hadi wiki, kikasimama Oktoba,
Jumatatu niliyovaa sweta ya marehemu dada:
juu ya mboni, uzi wa weupe,
mwembamba kama ukucha uliokatwa.
"Hapa."

Miezi mitano kabla sijajua.
Na picha ile niliikuza, nikakagua kivuli cha pua,
nikasema, mwanga uko sawa.

Kwenye mashine ya sumaku kijana Gocha akaniamuru:
tazama nukta moja, usipepese.
Maneno yangu, kwenye mdomo usionyolewa vizuri!
Nikacheka, picha ikaharibika, tukaanza upya.

Sikuwahi kumpiga mtu picha ya nyuma ya jicho.
Mboe mbili kama mayai kwenye vikombe,
na misuli, iliyopaswa kuwa mikanda,
imenenepa tumbo, ncha zake nyembamba vilevile.
"Penye maji pang'aa," akasema Eteri.
"Weupe huu ni moto ulio mbichi. Moto mbichi huzimika.
Ukishapoa wenyewe, huacha kovu, na kovu halisikii dawa."
Ndani kabisa, pango linapobana,
neva ya kuonea ilikuwa na upenyo bado:
unywele mmoja wa giza kila upande.

Nikauliza swali lao.
Kwani mimi ndivyo nilivyo?
"Leo," akajibu, "ndivyo."

Sasa kila Alhamisi naketi na dripu mkononi.
Otia anavutia sigara barazani, mlango umefungwa,
nayo haitoshi; tumegombana juu ya hilo.
Jumatatu bado napima taa.

Jana alikuja Natela, miaka thelathini, tiketi ya Poznan mfukoni.
Nilimpiga. Nikaikuza picha.
Kivuli cha pua sawa, masikio sawa.
Juu ya mboni ya kushoto, uzi.
Labda ni taa. Labda alishtuka.
"Tayari?" akauliza, akijifunga skafu.
Nikavuta kiti cha pili.